Likizo za Miaka Mitatu

Siku niliyopunguzwa kazi nilikuwa ghalani, nimejifunga kitambaa puani kama kawaida, naandika namba za mitumba ya tumbaku iliyokuwa ikisubiri malori. Mlinzi akaja akaniambia naitwa ofisini. Sikushtuka. Msimu ulikuwa umekwisha, na mwisho wa msimu watu huitwa ofisini kwa mambo mengi, kurudisha funguo, kusaini karatasi za vifaa. Nikafungua kitambaa, nikakung'uta vumbi mikononi, nikaenda.

Niliwakuta wenzangu wanane wameketi kwenye benchi la ukutani. Afisa utumishi, kijana mpole aliyeletwa Tabora mwaka uliotangulia, alikuwa ameshika bahasha za kaki. Alitusomea maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi: kampuni imepunguza ununuzi, ghala letu litabaki na watu wachache, uongozi unatushukuru kwa utumishi wetu. Alisoma bila kuinua macho.

"Stahiki zenu zote zitalipwa," akamaliza. "Notisi, kiinua mgongo, kila kitu. Mtapigiwa simu."

Mimi ndiye niliyeuliza.

"Na bima ya afya?"

"Bima inaendelea mpaka mwisho wa mwezi ujao, dada."

"Na likizo zetu ambazo hatukwenda?"

"Zimo humo humo kwenye stahiki."

Niliamini. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo mshahara haukuwahi kuchelewa zaidi ya siku tatu. Nilitoka na bahasha yangu, nikapita kwenye ghala kuchukua kandambili na kikombe changu cha chai, nikaondoka. Nilipofika nyumbani nilikuwa bado nanuka tumbaku. Harufu ile haitoki kwa kuoga mara moja.

Nilikuwa nikiishi mtaa wa Ng'ambo, vyumba viwili vya kupanga, jirani na mafundi wa mabati ambao nyundo zao huanza saa moja asubuhi. Mume tulishaachana zamani, na mtoto hatukujaliwa. Niliishi na mama. Nilimleta mjini kutoka Goweko baada ya baba kufariki, maana ana kisukari, na kule kijijini alikuwa akinywa dawa pale anapokumbuka. Kwenye bima yangu mama alikuwa ameandikishwa kama mtegemezi. Kila mwezi tulikwenda kliniki, anapimwa sukari na presha, anaangaliwa macho na miguu, anapewa dawa, tunarudi. Kwake ile kadi ilikuwa kitu cha heshima. Aliihifadhi ndani ya kitabu chake cha sala, na kila tukienda hospitali aliitoa mwenyewe, hakunipa mimi niitoe.

Nilimweleza habari za kazi akiwa anachambua karanga. Aliendelea kuchambua.

"Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza, mama. Wamepunguza watu."

"Umegombana na mtu?"

"Sijagombana na mtu."

"Basi watakuita tena," akasema. Kwa miaka mingi yeye na baba walilima tumbaku, na kwa mkulima wa tumbaku kila msimu una mwingine nyuma yake.

Hapa inabidi nieleze habari za likizo, maana ndizo zilizonipeleka nilikokwenda. Sheria inampa mfanyakazi siku ishirini na nane kwa mwaka. Nilizijua tangu nilipoajiriwa, zimeandikwa kwenye mkataba. Lakini karani wa ghala la tumbaku haondoki soko likiwa wazi, kwa sababu wakulima wanaleta mizigo kila siku, na soko likifungwa kuna kusafirisha, na kusafirisha kukiisha kuna hesabu za mwaka. Kila nilipoomba, mkuu wa ghala aliniambia, "Subiri baada ya msimu." Baada ya msimu alisema, "Subiri tumalize mahesabu." Miaka minane ya mwanzo nilibahatika kupata wiki mbili hapa, wiki moja pale. Miaka mitatu ya mwisho sikupata hata siku moja.

Na katika miaka hiyo mitatu, wa katikati ndio baba alioumwa.

Soko lilikuwa limepamba moto. Mdogo wangu wa kiume, anayelima Goweko, alinipigia simu akasema baba hali chakula, na akila anatapika. Nilijaza fomu ya likizo siku hiyo hiyo. Mahali pa sababu niliandika: kuuguza mzazi. Niliomba siku kumi na nne tu, wala sikuomba zote. Mkuu wa ghala alikaa na ile fomu siku mbili. Iliporudi ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, "Hapana. Isubiri baada ya msimu," na sahihi yake chini.

Nilimfuata ofisini kwake. "Bosi, ni baba yangu."

"Naelewa," akasema. Nadhani alielewa kweli, hakuwa mtu mbaya. "Lakini nikikuruhusu wewe, nani ataandika mizigo? Si una mdogo wako kule? Amlete hospitali mjini."

Mdogo wangu alijaribu kumleta. Siku waliyopanga kupanda treni baba hakuweza kusimama. Nilikuwa nikipiga simu kila saa ya chakula, nimejibanza nyuma ya ghala kwenye kivuli, na baba alikuwa akipewa simu sikioni, anasema "Ee. Ee, mwanangu. Fanya kazi." Akafa siku ya tisa tangu niombe ruhusa. Kampuni ilinipa siku nne za msiba, kama sheria inavyosema, na wenzangu walichanga. Nilifika Goweko kaburi limekwisha kuchimbwa.

Ile fomu sikuitupa. Sijui kwa nini. Niliikunja nikaitia kwenye bahasha ya mikataba, chini ya sanduku.

Wiki mbili baada ya kupunguzwa kazi ikafika siku ya kliniki ya mama. Tulikwenda mapema, tukapanga foleni, tukafika dirishani. Mama akafungua kitabu chake cha sala, akatoa kadi, akampa dada wa mapokezi kwa mikono miwili. Yule dada aliandika kwenye kompyuta, akasubiri, akaandika tena.

"Kadi haisomi."

"Labda mtandao," nikasema.

"Mtandao upo. Kadi imefungwa. Michango haijaingia miezi mitatu."

Nikamwambia haiwezekani, nimeacha kazi wiki mbili tu, na nimeambiwa bima inakwenda mpaka mwisho wa mwezi ujao. Akageuza kompyuta nione. Aliifanya kwa upole, sina la kumlaumu. Kwenye kioo palikuwa na jina langu, chini yake jina la mama, na neno moja la rangi nyekundu.

Nilikuwa na karatasi za mshahara nyumbani. Katika miezi ile nilikuwa bado kazini, na kila mwezi fedha ya bima ilikatwa kwenye mshahara wangu. Ilikatwa kwangu, haikufika ilikotakiwa kufika. Nilisimama pale dirishani watu wakinisukuma nyuma, nikajiona mjinga mbele ya mama yangu.

"Mtalipa taslimu?" akauliza yule dada.

Nililipia vidonge vya wiki mbili. Kumwona daktari, kupima na kukaguliwa miguu, vyote tuliviacha. Tukiwa njiani mama alinirudishia ile kadi. "Ikae kwako," akasema. Hakuitaja tena.

Simu ya kampuni ilikuwa haijaja. Nikawa napita ghalani kila baada ya siku chache, na afisa utumishi kila nikimwona alisema, "Jumatatu, dada." Pale getini nilikuwa nikikutana na mzee mmoja tuliyepunguzwa naye. Alikuwa mtunza stoo. Alikuwa Mwarabu wa hapa hapa Tabora, wa ukoo uliokuwa na duka mjini vizazi na vizazi mpaka duka lenyewe likafa, yeye akaenda kuajiriwa. Alifanya kazi pale miaka ishirini na kitu. Ndiye aliyenifundisha kufunga daftari la ghala lisiache mwanya wa mtu kuongeza namba. Mimi nilimwita mzee, yeye aliniita mwanangu.

"Shikamoo mzee. Wamekupigia?"

"Marahaba mwanangu. Bado. Watapiga, inshallah. Haraka ya nini?"

Siku niliyomwambia habari ya kadi alikunja uso kidogo, akasema huenda ni makosa ya karani wa makao makuu. Yeye hakuwa mgonjwa, na mkewe alikuwa mzima. Sikumlaumu.

Zilipotimia wiki saba fedha ziliingia benki. Notisi na kiinua mgongo vilikuwepo. Pamoja na hizo nikaletewa karatasi ya mchanganuo, na kwenye mstari wa likizo palikuwa na sifuri. Nilikwenda na karatasi mkononi mpaka kwa afisa utumishi.

"Uliniambia likizo zimo."

Alikuwa amekonda yule kijana. Alifunga mlango. "Dada, mimi niliambiwa hivyo nami nikawaambia. Makao makuu wamesema likizo ambayo mtu hakuichukua kwa wakati wake imepotea. Wanasema hamkuomba."

"Mimi sikuomba?"

"Ndivyo walivyosema. Faili lako halina fomu ya likizo hata moja ya miaka hiyo."

"Na bima? Miezi mitatu mmekata, hamkupeleka."

Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Nenda kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi. Nenda wiki hii. Kuna siku sitini tangu mpunguzwe, zikipita hawakusikilizi. Na usiseme ni mimi niliyekwambia."

Nikahesabu kwenye vidole pale pale mlangoni. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa yule mzee, nikamweleza habari ya zile siku sitini. Alinikaribisha barazani, akaniletea kahawa na kashata, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi na mkuu wa ghala tumekula sahani moja miaka ishirini. Mwanawe nilimpakata. Nikamshitaki?"

"Humshitaki yeye, mzee. Ni kampuni."

"Kampuni ni nani? Mimi namjua yeye." Akaniongezea kahawa. "Nitamwendea kiungwana. Tutazungumza."

Nilimsihi sana. Nilimwambia nitamjazia fomu mwenyewe, yeye atie sahihi tu. Akacheka akasema mimi nina damu ya moto. Nikaondoka.

Jioni ile nikiwa natafuta karatasi zangu chini ya sanduku nilisikia harufu. Nilifikiri ni panya amekufa uvunguni. Nikasogeza kitanda cha mama, nikainua mkeka, hamna kitu. Mama alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameifunika kwa khanga ingawa joto lilikuwa kali.

"Mama, hebu nione miguu yako."

"Miguu ina nini?"

"Nionyeshe."

Aling'ang'ania ile khanga kama mtoto. Nilipoifunua niliona mguu wa kushoto umefungwa kitambaa cha khanga kuukuu, na vidole viwili vya pembeni vimegeuka rangi. Alijikwaa kwenye kizingiti wiki tatu nyuma. Mwenye kisukari hasikii vizuri miguuni, kidonda kidogo kinakua bila kuuma, ndiyo maana kliniki wanakagua. Alikuwa anakiosha kwa maji ya chumvi nikiwa sipo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kadi imefungwa," akasema. "Ningekwambia ufanye nini?"

Asubuhi nilimpeleka kwa bajaji. Tukalipa kitanda, tukalipa vipimo, tukalipa dawa. Daktari, mwanamke wa makamo asiyepoteza maneno, alisema vidole viwili haviokoki, na kama tungechelewa wiki nyingine angesema habari ya mguu. Kiinua mgongo cha miaka kumi na moja kikaanza kuingia kwenye dirisha la mhasibu wa hospitali, na ndani ya wiki mbili kilibaki kidogo sana.

Siku moja kabla ya upasuaji nilikaa kitandani kwake namkanda mgongo. Alianza kunisimulia habari za babu yake, aliyekuwa mpagazi wa misafara zamani, akibeba pembe na nguo kwenda pwani na kurudi. Niliwahi kusikia habari zake, lakini si hii. Alisema mpagazi akiugua njiani, mzigo wake waligawana wenzake, yeye akaachwa kijiji cha karibu na nguo kidogo ya kununulia chakula. Babu yake aliachwa hivyo mara moja, upande wa Ugogo. Alikaa miezi minne kwa watu asiowajua ndipo akarudi kwa miguu.

"Alipewa ujira wake?" nikauliza.

"Aliwafuata Tabora," akasema mama. "Kila siku anakwenda kukaa mlangoni pa tajiri mwenye msafara. Sijui kama walimpa. Kwetu walikuwa wakisimulia tu kwamba alikaa mlangoni." Halafu akasema mgongo unatosha, nimkande mabega.

Siku hiyo hiyo mchana, siku moja kabla ya zile sitini kutimia, nilikimbia kutoka hospitali mpaka ofisi ya usuluhishi. Fomu nilijaza nimesimama. Mahali pa madai niliandika likizo za miaka mitatu, na michango ya bima iliyokatwa isifikishwe. Karani akagonga muhuri, akanipa nakala, akanieleza kwamba nakala nyingine lazima niipeleke kwa mwajiri mwenyewe na wasaini kwamba wameipokea. Nilipoipeleka getini, mlinzi aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi kwa miaka kumi na moja aliiweka pembeni, akasema hana ruhusa ya kupokea. Nikamwambia nitakaa pale mpaka mwenye ruhusa aje. Nikaketi kwenye jiwe. Yule kijana wa utumishi alitoka baada ya saa mbili, akasaini bila kuniangalia.

Tuliitwa baada ya wiki tatu. Chumba kilikuwa kidogo, feni inapiga kelele, meza moja na viti vinne. Msuluhishi alikuwa mama mtu mzima, amevaa miwani yenye kamba shingoni. Upande wa kampuni alikuja mwanasheria kutoka Dar es Salaam pamoja na afisa utumishi. Nilikuwa peke yangu. Nilivaa gauni langu la kanisani, na tangu asubuhi nilikuwa sijala.

Mwanasheria aliongea vizuri sana. Alisema mwajiri ametimiza wajibu wake, notisi imelipwa, kiinua mgongo kimelipwa. Likizo ni haki, hakuna anayekataa, lakini mfanyakazi anatakiwa aichukue kwa wakati wake, na mfanyakazi asiyeiomba hawezi kuja kuidai fedha baadaye. Faili halina ombi lolote. Hata hivyo, kwa nia njema, kampuni iko tayari kulipa likizo ya mwaka wa mwisho.

Msuluhishi akanigeukia. "Mama, uliomba?"

"Niliomba kila mwaka."

"Una uthibitisho?"

Nilikuwa na fomu mbili. Ya mwaka wa kwanza sikuwa nayo, niliomba kwa mdomo nikakataliwa kwa mdomo. Ya mwaka wa tatu niliitoa kwanza, nikaiweka mezani. Halafu nikatoa ya mwaka wa katikati. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika. Kwa mwaka na zaidi sikuwa nimeifungua karatasi ile, na sasa nilikuwa naiweka mbele ya watu nisiowajua ili nilipwe.

Msuluhishi aliisoma, akampa mwanasheria. Mwanasheria aliisoma, akanong'ona na afisa utumishi, akapekua faili lake.

"Kumbukumbu zinaonyesha," akasema, "kwamba katika kipindi hicho hicho mfanyakazi alipewa siku nne za ruhusa kwa ajili ya mzazi huyo huyo."

Nilikuwa nimejiandaa kujibu kwa utaratibu. Sikuweza.

"Zile zilikuwa za kumzika," nikasema. "Mimi niliomba za kumuuguza."

Feni iliendelea kupiga kelele. Afisa utumishi alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwanasheria, nitasema ukweli, aliiweka ile fomu chini polepole na kuilainisha mikunjo kwa kidole. Akasema, "Pole sana," na nadhani hakuisema kama mwanasheria. Lakini hakuyabadili maneno yake ya mwanzo mpaka msuluhishi alipowatoa nje, akazungumza nao peke yao, kisha nami peke yangu.

"Nikwambie wazi," msuluhishi aliniambia. "Likizo za miaka miwili yenye fomu, watalipa. Mwaka wa kwanza huna karatasi. Ukitaka tuendelee mbele kwa mwamuzi, ni haki yako, lakini itachukua muda, na unaweza kupata au usipate. Michango waliyokukata watakurudishia."

"Na hospitali? Mama amekatwa vidole kwa sababu ya kadi."

Alivua miwani. "Hilo huwezi kulipata hapa kwangu kirahisi. Watasema kidonda hakikuletwa na kadi. Utahitaji wakili, na daktari wa kukuandikia, na miezi. Sikukatazi. Nakueleza njia ilivyo."

Nilifikiri kwa muda ambao sasa nikiukumbuka naona ni mfupi mno. Kodi ya nyumba ilikuwa imepita wiki mbili. Mama alikuwa bado wodini, na kila siku aliyolala pale ilikuwa na bei yake. Nikasaini. Niliposaini nilijisikia nimeshinda, na kabla sijafika barabarani nilijisikia nimeuza kitu. Nilisimama chini ya ukuta wa ofisi ile nikalia, watu wakipita. Baba nilimlilia pale kuliko nilivyomlilia Goweko.

Fedha zililipwa, zilichelewa lakini zililipwa. Zilitosha hospitali na kodi ya miezi mitano.

Yule mzee alimwendea mkuu wa ghala kiungwana kama alivyosema. Alipokewa vizuri, akanyweshwa soda, akaambiwa suala lake linafanyiwa kazi. Alikwenda mara nne. Mara ya tano akaambiwa mkuu wa ghala amehamishwa. Ndipo alipokuja kwangu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na mkoba wake wa karatasi kwapani. Fomu zake za likizo zilizokataliwa zilikuwa sita. Alikuwa na uthibitisho kuliko mimi. Alichokosa ni siku, maana siku sitini zilikuwa zimepita zamani, na sasa ilibidi kwanza aombe kusikilizwa nje ya muda na aeleze sababu za kuchelewa.

Nilimwandikia. Tulifika mahali pa sababu, nikamuuliza niandike nini.

"Andika ukweli. Andika niliwaamini."

"Mzee, wanataka sababu kama ugonjwa, safari. Hukuumwa kidogo?"

"Sikuumwa." Alinitazama kama aliyetukanwa. "Niandikie hivyo hivyo."

Nikaandika, kwamba mwajiri alimwahidi mara kwa mara kuwa atalipwa, naye akaamini ahadi hizo. Ombi lilikataliwa. Walisema ahadi za mdomo hazisimamishi siku. Aliponiletea karatasi ya majibu nilitegemea atalaumu, lakini alikaa tu kwenye kiti cha plastiki uani kwetu, akauliza habari za mguu wa mama. Siku hizi anauza asali kwenye chupa mbele ya nyumba yake. Tukikutana tunasalimiana kama zamani, lakini ghala hatulitaji.

Mimi nilipata kibarua cha kuandika mizigo katika chama cha wakulima kule Igalula, cha msimu tu. Naenda kwa treni au kwa lori linalokwenda, narudi mwisho wa wiki. Mwenyekiti wa chama siku ya kwanza alinishangaa nilipomwomba mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi minne. Akasema hapa tunajuana. Nikamwambia nitasubiri. Alichukua siku tatu, akauleta, umechapwa upande mmoja, na neno likizo limekosewa herufi. Bima haimo. Hiyo najilipia mwenyewe kwa ajili ya mama, na mwanzoni watu wa bima waliniambia nisubiri kwanza kabla haijaanza kutumika, kwa hiyo kwa kipindi chote kile kila niliporudi nyumbani kitu cha kwanza nilimkagua miguu.

Anatembea. Anayumba kidogo upande wa kushoto, na anakasirika mtu akimshika mkono. Viatu ndivyo vilivyotusumbua, kwa sababu kila kiatu tulichojaribu kilimchubua pale palipokatwa. Mwezi uliopita nikampeleka kwa fundi mmoja hapa Ng'ambo anayeshona viatu vya ngozi. Alimkalisha kwenye kigoda, akachora mguu wa kulia kwenye karatasi, halafu wa kushoto.

"Huu nitautengenezea kiatu chake peke yake," akasema. "Huku pembeni nitatia sponji."

"Bei ya kimoja au viwili?" mama akauliza.

"Viwili, mama."

"Kimoja kina upungufu. Punguza."

Fundi akacheka, akapunguza. Mama hakucheka. Alivaa kandambili yake, akasimama mwenyewe, na akaniambia tuwahi nyumbani kabla jua halijawa kali.